Pombe ya Kumuaga Bruda Tulio

Wale mliofika kwangu Mazwi, hapa Sumbawanga, Jumapili ile, mkapewa kila mtu kijiko kimoja cha divai kama dawa ya kikohozi, kisha mkaondoka mkisema Fundi Kalisto amerudi na ubahili wa Ulaya, haya ndiyo maelezo yenu. Nimechoka kuyasimulia vipande vipande pale Majengo, huyu akiuliza habari za ndege, yule akitaka kujua kama kweli Wazungu wanatema pombe. Wanatema. Nitafika huko. Habari za pasi na viza siziweki hapa, zinachosha, na mwishowe nilizipata.

Mtungi uliochelewa

Bruda Tulio mnamkumbuka, angalau nyie wenye mvi. Alikuwa Mwitaliano, bruda wa misheni, si padri. Yeye na marehemu baba yangu, mzee Sikazwe, walijenga pamoja miaka thelathini hivi: makanisa, madarasa, zahanati. Baba alikuwa mwashi, Bruda alikuwa mwashi, na ufundi wangu nimeurithi kwa wote wawili. Kifipa alikizungumza kwa lafudhi ya ajabu lakini bila kukosea, na pombe ya ulezi aliinywa akiwa amekaa chini kama sisi.

Kwetu mtu wa namna hiyo haagwi kwa maneno matupu. Anapikiwa mtungi. Mwenyeji anaonja kwanza mbele ya wote, watu waone kwamba haina baya, kisha anayeondoka anakunywa kibuyu chake mpaka mwisho na kukigeuza kichwa chini. Akishakigeuza, ameondoka. Asipokigeuza, hata akifika wapi, tunamhesabu bado yupo.

Mwaka aliotakiwa kurudi kwao ulikuwa mwaka wa shida, sabuni kwa foleni na dizeli kwa bahati. Mama alipika mtungi, kuaga kukapangwa Jumapili. Ijumaa asubuhi ikaja habari kwamba gari la misheni limepata dizeli na linaondoka saa hiyo hiyo. Bruda akapitia nyumbani na begi mkononi. Mtungi ulikuwa bado unatoa povu. Baba akamwambia, "Ngoja hadi keshokutwa." Bruda akamjibu, "Gari halingoji, Sikazwe." Wakasimama pale uani, wanaume wawili wazima, hakuna aliyejua afanye nini na mikono yake.

Jumapili majirani waliinywa ile pombe. Baba hakuigusa. Tangu siku hiyo, likitajwa jina la Bruda, alikuwa na neno moja tu: "Yule hatujamuaga." Hata kitandani, siku zake za mwisho, alinishika mkono akasema, "Kalisto, yule hatujamuaga." Nikamjibu nitamuaga mimi. Nilijibu hivyo ili apumzike, sikujua nitafikaje.

Kisha zikaja enzi za ruksa, maduka ya Majengo yakajaa vitu, na siku moja ikaja barua. Watu wa parokia ya kwao Bruda walikuwa wamechangishana nauli ili mtu mmoja kutoka Ufipa akamwone. Bruda mwenyewe alikuwa ameongeza mistari mitatu kwa mkono unaotetemeka: miguu imekwisha, shamba lake la mizabibu linavunwa mwaka huu kwa mara ya mwisho, njoo kabla hatujang'olewa sote wawili.

Sumbawanga hadi Tunduma

Mama Skola, mke wangu, alinishonea mifuko miwili ya kitambaa. Mmoja wa unga wa ulezi, mwingine wa kimea, yaani ule ulezi uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa, ambao ndio unaoifanya pombe iwe pombe. Juu yake akafunga kibuyu kidogo cha kunywea. Wiki nzima alinifundisha kupika, mimi mwanaume wa kushika pimamaji nimechuchumaa mbele ya chungu, majirani wanachungulia uani na kucheka.

"Kimea usikimwage chote," aliniambia. "Bakiza. Anayemwaga chote hupika mara moja tu."

Nikasema nimesikia. Mnajua namna waume tunavyosikia.

Basi lilitoka saa kumi na mbili asubuhi na kufika Laela bila neno. Mbele kidogo ya Laela springi ikakatika. Ulikuwa mwezi wa tisa, uwanda wote umekauka, na kila lori lililopita lilituacha wekundu mpaka kwenye kope. Kondakta alidandia moja akaenda Tunduma kutafuta springi, nasi tukakaa chini ya kivuli cha basi hadi saa tisa alasiri. Kando yangu alikuwa mfugaji mmoja wa Kisukuma, Mzee Masanja, aliyehamia bonde la Rukwa na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita. Yeye alikuwa na kibuyu cha maziwa ya mgando, mimi nina viazi vya kuchemsha, tukaunganisha. Akauliza mifuko ile ina nini hata nisiitue, nikamweleza.

"Yaani wewe Mfipa unapeleka pombe kwa watu wenye mapipa ya pombe?"

"Sipeleki pombe, mzee. Napeleka kwaheri."

Akafikiri, akanywa maziwa, akajifuta mdomo. "Basi endelea kuipakata," akasema. "Kwaheri haiwekwi juu ya keria."

Niliipakata hadi Dar es Salaam.

Dar es Salaam

Mbeya sina la kusema, nililala nikaondoka. Dar nilifikia nyumba ya wageni yenye vyumba vya vitanda viwili, na mwenzangu chumbani alikuwa jamaa wa mitumba, mchangamfu kweli. "Mambo, mzee wangu? Karibu, jisikie nyumbani." Akanigawia chungwa. Joto la kule mnalijua, na kimea hakipendi joto la unyevu, kwa hiyo nikafungua mifuko nikaitandaza juu ya gazeti ipate hewa. Jamaa akasogea.

"Hiyo nini, mzee?"

"Ni ya mzee mmoja huko Ulaya. Ananisubiri nimpelekee anywe."

"Na wewe umesema unatoka wapi vile?"

"Sumbawanga."

Alikusanya marobota yake moja baada ya jingine, polepole, bila kunipa mgongo. Asubuhi nilimkuta amelala kwenye benchi la mapokezi. Nchi nzima inatuhesabu wachawi, inaamini kwamba mtu wa Sumbawanga akifungua mfuko si bure, na ukijitetea ndiyo unazidi kuwatisha. Hata uwanja wa ndege ikawa vilevile. Ofisa alikuwa ameshaingiza mkono kwenye begi langu alipouliza natoka wapi. Nilipomwambia, mkono ukatoka.

"Pita, mzee."

"Hutaki kuangalia?"

"Nimeshaangalia. Pita."

Kwa mara ya kwanza maishani nikaishukuru sifa mbaya ya kwetu.

Roma, mbwa na treni

Roma hawajawahi kuisikia Sumbawanga. Waliumwaga unga wangu na kimea changu juu ya meza, wakamleta mbwa. Mbwa akanusa kimea, akapiga chafya tatu, akaketi. Ofisa mmoja mnene akalowesha kidole akaonja, akafumba macho kidogo kama mtu anayejaribu kukumbuka jambo, kisha akamwita mwenzake naye akaonja. Nikatazama zaidi ya kiganja kimoja cha jasho la Mama Skola kikiishia midomoni mwa serikali ya watu. Wakanifungia mifuko vizuri, wakaniaga kwa heshima.

Kutoka hapo ni treni kuelekea kaskazini, kwenye mkoa wao uitwao Piemonte, siku nzima. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu alinikatia mkate na jibini iliyonuka kiasi kwamba nilijua imeharibika na mwenyewe hajui. Nilikula kwa adabu, nikijiombea. Akauliza kitu, nikadhani anauliza kwetu ni wapi, nikasema, "Ufipa." Akaitikia kwa kichwa kama mwenye ndugu huko. Nikampa karanga, akazila zote, tukaelewana vizuri kuliko watu wengi ninaofanya nao kazi.

Ugali wa njano

Kijiji chao kiko juu ya kilima, na vilima vingine vimekizunguka, vyote vimepandwa mizabibu kwa mistari iliyonyooka hata mwashi anafurahi kuitazama. Bruda alikuwa amekaa mlangoni kwenye kiti, blanketi magotini. Alikuwa mtu wa kubeba mfuko wa saruji bega moja. Sasa blanketi lilionekana zito kuliko yeye.

"Shikamoo, Bruda."

Hakuitika. Alinitazama, akasema, "Sikazwe."

"Mimi ni Kalisto, mwanae."

"Marahaba, mwanangu. Una masikio yake." Akaanza kulia, nami nikalia, na dada yake, Bibi Ernesta, aliyekuwa amesimama na mwiko mkononi, akalia bila kujua tunalilia nini. Nilimwambia Bruda nimekuja na kimea. Alielewa papo hapo. Akauliza, "Lini?" Nikasema, "Kabla sijaondoka Jumapili."

Mezani Bibi Ernesta akaleta ugali. Ugali kabisa, ila wa njano. Nyie mliokula mahindi ya njano ya msaada miaka ile mtanielewa: nilishtuka. Nikamwinamia Bruda nikamwuliza kwa Kifipa, wenyeji wasisikie, kama huku kuna njaa na kama nile kidogo. Bruda alicheka mpaka akakohoa, na alipowatafsiria, mpwa wake Renzo alicheka naye. Ni mara ya mwisho kumwona Renzo akicheka hadi Jumapili.

Huyu Renzo, mtoto wa Bibi Ernesta, ndiye aliyeshika mashamba na ghala la divai. Si mtu mbaya, niseme mapema. Wiki ile kijiji kizima kilikuwa roho juu. Kuna muhuri, kijikaratasi kinachobandikwa shingoni mwa chupa, unaothibitisha kwamba divai hii ni ya kilima hiki na imefuata kanuni zote. Ukiwa nao unauza hata Amerika, usipokuwa nao unauza kwa jirani. Waonjaji wa kuamua kama watapewa muhuri wangekuja Alhamisi. Na kanuni zilisema aina moja tu ya zabibu. Shamba la Bruda, alilolipanda na baba yake kabla hajaja kwetu, lilikuwa na aina tano zimechanganyikana, za ukoo, nyingine hata jina hazina. Kwa hiyo ling'olewe. Tena huko divai ilikuwa imezidi mpaka serikali zao zinawalipa watu wang'oe mizabibu. Nilimwuliza Bruda mara mbili kama nimesikia sawa. Kwetu mwaka ule mahindi yalikuwa yamelala majumbani bila mnunuzi, na hakuna aliyekuja kutupa hata pole.

Tulivuna siku mbili, mikasi na vikapu, mgongo unauma mahali ambapo matofali hayajawahi kuniuma. Bruda tulimbeba na kiti chake hadi pembeni mwa shamba. Akawa anautaja kila mzabibu na mwaka ulipopigwa na mvua ya mawe. Niliona haya kukata.

Renzo akanionyesha ghala, chini ya ardhi, lenye mapipa makubwa. Akagonga moja kwa fahari, Bruda akatafsiri: hii ina miaka sita.

"Sita?" nikasema. "Kwetu pombe ya siku sita wanapewa nguruwe."

Renzo akauliza sasa sisi tunaihifadhi wapi. Nikamwambia, "Tumboni." Hakucheka.

Kosa langu

Jumatatu nilipika. Bibi Ernesta alinipa sufuria kubwa na kunipisha jikoni kwake, akawa anachungulia kama majirani wa Mazwi. Nilikoroga uji mzito, nikaupoza, na ilipofika saa ya kimea, roho ikaniambia ofisa wa Roma ameshapunguza, sasa isije ikawa nyepesi. Nikamwaga chote. Sauti ya Mama Skola niliisikia wazi, mfuko ukiwa umeshakauka.

Nyumba ile ilikuwa ya mawe, baridi. Mahali pa joto palikuwa kule ghalani, maana divai mpya ilikuwa inachemka yenyewe kwenye mapipa yaliyo wazi. Nikawaza kama Mfipa yeyote angewaza: pombe ikae na pombe wenzake. Nikaibeba sufuria, nikaiweka katikati ya mapipa, nikaifunika kwa shuka. Ikaanza kutoa povu vizuri sana.

Jumatano asubuhi nilisikia Renzo akipiga kelele. Nilipofika uani alikuwa ameishika sufuria mbali na mwili wake kama mtu aliyebeba nyoka, na kabla sijafungua mdomo akaimwaga yote chini ya ukuta. Bruda akaniambia sababu baadaye. Chachu ngeni ikiruka ikaingia kwenye mapipa inaweza kuharibu divai ya mwaka mzima, na waonjaji wanakuja kesho. Renzo alikuwa na haki. Lakini mimi wakati ule sikujua, niliona tu kwaheri ya baba yangu inanywewa na kuku. Wakaanza kutembea upande upande, jogoo akaegemea ukuta. Siku nyingine ningecheka. Siku hiyo niliketi kwenye ngazi za ghala nikalia wazi wazi, mtu mwenye wajukuu.

Bruda hakusema neno la lawama kwa yeyote. Alisema tu, "Basi imechelewa tena." Hilo liliniuma zaidi.

Wanaotema

Alhamisi wakaja watatu, wanaume wawili na mama mmoja mwenye miwani. Meza ikawekwa uani, kitambaa cheupe, glasi zimepangwa. Renzo alikuwa amevaa suti. Tuliobaki tulikaa ukutani kama msibani. Akamimina divai ya miaka sita. Yule mzee wao akanusa, akaipeleka mdomoni, akaitembeza mashavuni. Halafu akaitema kwenye ndoo.

Nilidhani sioni vizuri. Mama akaitema. Wa tatu akaitema.

Ndugu zangu, mnajua kwetu maana yake. Mgeni akitema pombe ya mtu mbele ya watu, ameshasema kuna kitu ndani yake. Nikamtazama Renzo, amesimama pale anatokwa jasho, hakuna ndugu anayeinuka, hakuna anayeonja kumsafisha. Hasira zangu za jana zikaisha saa ile ile. Nikainuka, nikaenda mezani, nikaichukua glasi iliyojaa mbele ya yule mzee, nikainywa yote mbele yao, nikawaonyesha kwamba imekwisha.

"Haina baya," nikawaambia kwa Kiswahili, kwa sauti. "Mimi nakula kwenye nyumba hii na nalala humu. Haina baya."

Renzo akageuka mweupe kuliko kitambaa. Ndipo nikasikia Bruda anacheka kwenye kiti chake, anacheka huku machozi yanatiririka, akaanza kuwaeleza kwa lugha yao, polepole. Aliwaambia kwamba kazi yao ni kutema, wasilewe kabla ya jioni, na mgeni wake hakulijua hilo. Aliwaambia pia nilichokifanya: kwamba nimeweka uhai wangu rehani kwa ajili ya divai ya Renzo. Mama mwenye miwani akaivua, akaifuta, akaandika kitu. Sikuambiwa ni nini.

Walipoondoka Renzo akaja jikoni nilipokuwa nimejificha kwa aibu. Mkononi alikuwa na beseni la maji ya zabibu za shamba la Bruda, bado yanachemka na kutoa povu jekundu. Akaliweka mezani mbele ya mama yake, akaninyooshea kidole, akasema maneno machache, akatoka. Bibi Ernesta akaniletea sufuria.

Mara ya pili

Unga ulikuwepo nusu mfuko. Kimea hakikuwepo. Niliugeuza ule mfuko wa kimea, Bibi akachukua mkasi akafumua mishono, tukaukung'uta juu ya sinia. Kwenye pindo, mle alimokunja Mama Skola kitambaa mara mbili, kikatoka kimea kama viganja viwili. Mpaka leo hataki kuniambia kama alikunja kwa makusudi.

Tukapika. Uji wa ulezi, kimea kile kidogo, na maji ya zabibu ya Bruda yenye chachu yake. Hatukuwa na lugha moja hata ya kuombana chumvi, lakini yule bibi alikuwa amekulia kwenye ghala, na mambo ya kuchachuka aliyajua kuliko mimi. Hakuonja, hakuchungulia. Alikuwa anaweka sikio kwenye sufuria anasikiliza, kisha anatikisa kichwa: bado. Ijumaa bado. Jumamosi bado.

Jumapili tulirudi kutoka misa, begi langu liko kwenye gari, treni ni saa sita. Povu lilikuwa bado linapanda. Nikaliona tena lile gari la misheni, nikamwona baba uani kwetu na mikono yake. "Bado, Bruda," nikamwambia.

Renzo alikuwa amesimama mlangoni, ufunguo mkononi. Akamtazama mama yake. Bibi Ernesta akaweka sikio, akainua vidole viwili: saa mbili zaidi. Renzo akavua koti. Akaenda kufungua boneti ya gari, akachomoa kitu, akakitia mfukoni, akarudi kuketi. Akasema jambo.

"Anasema gari limeharibika," Bruda akatafsiri.

"Limeharibika nini?"

"Anasema atajua baada ya saa mbili."

Tukangoja. Ilipoiva niliichuja, nikateka kibuyu, nikaonja kwanza mbele ya wote kama baba angefanya. Sitawadanganya, ilikuwa na rangi ambayo Ufipa haijawahi kuiona. Nikampa Bruda kwa mikono miwili. Akanywa, akafumba macho.

"Ina zabibu zangu," akasema.

"Ndiyo, Bruda."

"Na ina jiko la mama yako." Akanywa tena. Akaanza kuuliza kwa Kifipa habari za watu, mmoja mmoja, nani yupo, nani hayupo, paa la kanisa tulilojenga kando ya ziwa kule Wampembe kama bado halivuji. Halivuji. Renzo naye akaomba, akaonja, akakunja uso, akasema neno.

"Anasema haina muhuri."

"Mwambie ina wa Mama Skola." Hapo Renzo akacheka.

Kibuyu kikabaki na kiasi kidogo chini. Nikangoja amalize akigeuze. Bruda akakitazama, akamwomba dada yake chupa ndogo ya jemu, akaimiminia kile kilichobaki, akaifunika.

"Bruda, malizia. Geuza. Baba alinituma."

"Mwambie Sikazwe nimeinywa, na imeiva."

"Lakini hujageuza."

"Kalisto, nikigeuza nitakuwa nimeondoka Ufipa. Shamba hili wanaling'oa. Mimi nitakuwa natoka wapi?"

Nimesafiri siku zote zile kumaliza jambo, na nilipoona halijamalizika nilifurahi, sitaficha. Akanipa chupa ya divai ya shamba lake, ya miaka ya nyuma. "Usiifungue mpaka usikie habari zangu. Ukisikia, mnywe wote mlionifahamu." Renzo akarudisha kile kitu kwenye gari, na gari likapona. Treni ya mchana ilikuwa imeondoka, nikapanda ya alasiri.

Nyumbani

Njia ya kurudi ni ile ile, ila nilipakata chupa badala ya mifuko, na mbwa wa Roma hakunishughulikia.

Mwezi uliopita ikaja barua ya Renzo. Padri mmoja aliyesoma huko alinisomea, tumekaa kwenye baraza ya parokia. Muhuri wameupata. Shamba la zamani wameling'oa kabla ya majira ya kupanda, trekta siku moja tu, na Bruda aliomba kiti chake kiwekwe dirishani aone mpaka mwisho. Wiki iliyofuata alifariki usingizini. Halafu padri akasoma mstari wa mwisho: mama anauliza, ile chupa ndogo ya jemu waliikuta dirishani ikiwa tupu, imegeuzwa kichwa chini juu ya sahani, je, ninyi mnajua maana yake?

Padri akaniuliza tujibu nini. Nikamwambia aandike, "Tunajua. Ameaga."

Basi hiyo ndiyo sababu ya kijiko kimoja. Chupa ilikuwa moja na mliomfahamu mlikuwa thelathini na zaidi, na cha kwanza kabisa nilikimimina kaburini kwa baba kabla hamjafika, nikamwambia yule tumemuaga.

Chini ya chupa kimebaki kama kijiko kimoja, ndicho cha zamu yangu. Mama Skola anaitaka ile chupa aweke mafuta ya alizeti, kila siku ananiuliza. Namwambia bado haijaisha.